Zambarau ya Delia

Jumatatu, 4 Oktoba 1909
Baridi asubuhi, kisha jua. Nimechora kile kinamasi cha mtoni tena. Matope matupu! Miaka ishirini nachora mandhari, mitatu nilikaa Paris kusomea mwanga — matope.
Delia, mke wangu, alikaa hatua chache nyuma yangu na rangi zangu za zamani. Tangu Juni anachora, “kupitisha muda tu,” asema mwenyewe. Sikutazama kazi yake. Nilitazama kidogo. Maji yake yanang'aa.

Jumatano, 6 Oktoba
Ambrose Tuttle, mchoraji jirani, kaja kula. Kaiona picha ya Delia, kapiga mluzi. Eti, “Corliss, shemeji anakuacha nyuma! Kaza mwendo, mzee!” Nikacheka. Nikasukuma sahani kando.
Baadaye nikamwambia Delia kivuli cha picha yake kimezidi rangi ya zambarau. Akajibu kwa upole kwamba zambarau nilimfundisha mimi mwenyewe.
Kweli. Ndicho kinachouma.

Ijumaa, 8 Oktoba
Kesho anakuja Bwana Lathrop kutoka New York, kuchagua picha za maonyesho. Mwaka jana hakuchukua hata moja yangu.
Nimepanga zangu saba ukutani. Ya Delia nimeigeuza, uso ukutani. Ameona. Kaendelea kumenya matofaa.

Jumamosi, 9 Oktoba
Lathrop kapita zangu saba kama mtu anayepita makaburini. Kisha — kwa nini hakuiacha! — akaigeuza ile.
Akaisogelea. Halafu: “Corliss! Mzee, ulikuwa umeificha? Hujawahi kufanya kazi kama hii! Mbona hukutia saini?”
Delia alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Nilifungua mdomo. Nikasema brashi nyembamba ya kutilia saini iko juu.
Niko juu. Nimekaa kitandani, naandika. Brashi ninayo, ilikuwa mfukoni muda wote.
Ni jina tu! Na nyumba ni moja, rangi ni zangu, macho yake nimeyafundisha mimi —
Lathrop ameita kutoka chini: nimepotea?
Nimemsikia Delia akimjibu, taratibu, huku akimmiminia kahawa: “Mngoje tu, Bwana. Hajaamua aandike jina la nani.”
Lathrop kacheka sana. Kadhani ni utani.
Delia hakucheka. Sasa nasikia nyayo kwenye ngazi, nyepesi, za Delia.