Wanataka Kutunyang'anya Kipande Chetu cha Mto

Nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kimepona? Watoto wanakua? Sisi wazima, ila mkazamjomba wako anakohoa kidogo. Mimi mwili mzima, moyo ndio unachemka.

Unakijua kikundi chetu cha kusafisha mto. Kipande chetu, kutoka machinjioni hadi darajani, nimekisimamia miaka kumi na moja, na hakuna mzee mwingine hapa anayeweza kushinda majini na buti tangu asubuhi. Mwaka jana tukaingia kwenye mtandao wa vikundi saba vya mto huu, wa juu na wa chini, tushirikiane. Nikafurahi, mjinga mimi.

Basi mratibu wa mtandao, bwana mmoja mvaa tai, akatangaza vikundi vyote visafishe siku moja, kuanzia saa moja, wakaguzi wapite saa sita. Nikasimama mkutanoni. "Maji yanatoka juu. Waanze wa juu, kikundi kimoja kila siku, sisi wa chini kabisa tumalize siku ya saba."

Akacheka. "Mzee wangu, mpango umechorwa kwenye kompyuta."

"Basi kompyuta yako haijawahi kuuona mto!"

Watu wakavunjika mbavu, lakini kura wakampa yeye.

Jana saa nne tulikuwa tumemaliza, kokoto unazihesabu. Saa tano zikaanza kushuka chupa, viatu, mpaka godoro zima! Wale wa juu walikuwa wanakokota taka na nusu zinawaponyoka. Wakaguzi wakafika, wakaandika eti sisi ndio wachafu kuliko wote. Tarehe thelathini mtandao unakaa kutunyang'anya kipande chetu.

Wewe umesoma. Niandikie barua kali isomwe siku hiyo. Usiweke matusi, hayo nitaongeza mwenyewe.

Na wakikichukua, wasidhani nitakaa barazani. Nitapanda na reki mpaka mto unapoanzia, nianze na taka zao, nishuke kipande kimoja kila siku. Siku ya saba nitakuwa hapa darajani, waje na wakaguzi wao.

Msalimie mkeo, na dada yako mshonaji, na wale mapacha. Mungu akuzidishie afya, na hao wa mtandao awape macho.

Mimi mjomba wako nikupendaye hata nikinuna,
Chuma cha Pua