Uzi Umeingia Tunduni

Sokon One, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Naomba ukoo mzima uketi, na asiye na kiti asimame wima. Jumanne asubuhi nimepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mara ya kwanza tu, bila kumwita mtu.

Shikamoo mama. Goti linasemaje na baridi hii? Yule mbuzi mweupe kashazaa? Mimi mzima, na Mlima Meru upo palepale, unaonekana asubuhi kisha unajifunika kama mwenye nyumba asiyetaka wageni.

Sasa uelewe ukubwa wa tangazo langu. Dawa za kichwa ninazopewa kliniki zimenituliza kweli. Sauti zimenyamaza, usingizi upo. Lakini zilinitetemesha mikono, na mdomo ukakauka hata mate ya kulowanisha uzi sina. Fundi cherehani asiye na mikono wala mate, abaki na nini? Mzee Salimu, mwenye cherehani, aliinua suruali niliyoipunguza (siku hizi hatushoni mpya, tunapunguza za mitumba, yaonekana Ulaya hakuna mfupi) akaniuliza mbele ya wateja, "Fundi, hii uliishonea juu ya trekta?"

Ndipo baba mdogo akaniletea ushauri wake: niache dawa, la sivyo gauni la harusi la mdogo wangu Mwanaidi lishonwe na mtu mwingine. Lakini nakumbuka nilipoacha mara ile. Wewe ndiye uliyenifuata barabarani na kanga yako.

Nikamweleza Sista Ruthi, nesi wa kliniki, Mmeru mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini. Hakushangaa. "Nyoosha mikono. Toa ulimi. Tembea mpaka mlangoni, urudi." Kisha akasema, "Kila ukija, njoo na kitambaa, unishonee mstari mmoja hapa mbele yangu. Na ukiacha dawa kwa siri nitajua, fundi. Mikono itatulia, macho yatakusema."

Daktari akapunguza kidonge cha usiku, akaongeza kingine kidogo cha kutuliza mikono. Mate bado ni ya kukopa, uzi naulowanisha kwenye kikombe cha maji. Sista hunipima na uzito pia, kila mara umepanda, naye hutikisa kichwa. Nimemwambia ni ndizi za Arusha.

Na lile benchi la kliniki, mama, ungelipenda. Mama mmoja wa Njiro, anayeletwa na gari, hubanana na mzee wa Oldonyo Sambu ambaye dawa zilimkaza viungo. Sista alimwuliza anatembeaje. "Zamani nilikuwa nawangoja ng'ombe," akajibu, "siku hizi wananingoja wao." Mama wa Njiro alicheka mpaka mkoba ukaanguka. Na yule mzee naye akabadilishiwa dawa.

Kitambaa changu nimekikunja humu. Mstari wa juu unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Wa chini kabisa, weka rula ukipenda. Sista alikiinua dirishani, akawaonyesha watu wa benchi: "Mnamwona? Huyu ni fundi wangu." Mzee wa Oldonyo Sambu akataka kujua kama nashona makoti. Mwonyeshe baba mdogo. Taratibu, asione kama tunamsuta.

Basi gauni la Mwanaidi nalishona mimi, na dawa nameza. Nitumie vipimo vyake. Nami nitakuja na koti la bluu nililojikatia mwaka jana, kabla mikono haijaharibika. Wiki hii nalimalizia.

Msalimie baba mdogo kwa heshima zote. Msalimie dada mkubwa anayekutekea maji, na bibi anayeuliza kama nimeoa (bado). Mwanaidi mwambie asinenepe kabla ya harusi, nguo haina huruma.

Mwanao akupendaye,
Juma, fundi

Nyongeza: Koti nimelimaliza leo, nimelijaribu. Halifungi.