Namna ya Kumgeuza Mgonjwa

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. U hali gani huko kazini, unakula vizuri? Mimi sijambo, ila magoti ndiyo hayo, yanalia kama mlango mbovu.

Nina habari, na najua utanuna. Yule mwanamke fundi cherehani aliyemchukua marehemu baba yako amepooza upande wa kulia. Ndugu zake walimtelekeza kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba alitaka kumtoa nje na godoro lake. Nimemleta hapa. Yuko chumbani kwako.

Mchungaji hakunituma, wala sikuota ndoto. Nilikwenda kumjulia hali tu, nikamkuta amelowa tangu jana yake. Nikashindwa kuondoka.

Usikasirike. Nikumbuke katika sala.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Moyo usiniulize.

Chumbani kwangu, Mama? Kitandani kwangu? Mwanamke aliyemfanya baba apite mbele ya mlango wetu miaka tisa bila kugeuza shingo! Hata mazishini alikaa mbele, na ni wewe uliyempisha kiti. Kila siku unampisha. Wema wako huo utakuua.

Mimi huku kwenye nyumba ya kutunzia wazee nageuza wazee wa watu, kumi na mmoja kila zamu. Wengine wananitukana, lakini nalipwa. Wewe unalipwa nini? Na usiniambie thawabu mbinguni. Habari zake sizitaki. Ukiandika, andika ya kwako.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Umeamkaje? Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Unadhani nampenda? Simpendi. Kila asubuhi nikifungua ule mlango natamani nikute kitanda kitupu, Mungu anisamehe. Kina mama wa kanisa wananisifu, nami naona haya. Wangejua ninavyomwosha huku nimefunga mdomo kama mtu aliyelambishwa dawa chungu! Najiambia, leo tu. Kesho yake nasema tena, leo tu. Imani yangu imebaki hiyo, mwanangu. Nyingine nimechoka kuitafuta.

Umesema niandike ya kwangu. Basi hili ni langu: sijui kumgeuza. Namshika makwapani namvuta, yeye analia, kiuno changu kinakatika. Juu ya makalio palikuwa pekundu, nikawa napakanda kwa mafuta, kwa nguvu, asubuhi na jioni, huku naomba. Sasa panakuwa peusi. Hii ndiyo kazi yako. Nifundishe.

Mama yako

28 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Jibu lako sijalipata. Labda barua ilipotea njiani, posta ni bahati yako tu.

Kidonda kimefunguka, kinaingia kidole gumba. Muuguzi wa zahanati alikuja mara moja akaacha dawa. Jumapili sikwenda kanisani, nilishindwa kuinama nifunge viatu. Mgonjwa aliniona, akasema kwa ule mdomo wake mzito, "Dada, niache." Nikamwambia, "Nyamaza, ningekuwa na nguvu za kukuacha ningekuacha zamani." Tukacheka, mimi na yeye. Hebu fikiria, mimi na yeye!

Nimechoka, mwanangu.

Mama yako

14 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Kiuno kinaendeleaje? Na kidonda?

Barua yako ya Aprili haikupotea. Ilikuwa chini ya mto wangu wiki nane, na mimi nailalia. Jana nilikuwa namfunza mfanyakazi mpya, nikamwona anakanda wekundu kwenye mgongo wa bibi mmoja. Nikapiga kelele, "Acha! Unaiua nyama ya chini!" Kisha nikaingia stoo ya mashuka nikalia. Mgeni nimemfunza kwa dakika moja, na mama yangu nimemnyima miezi miwili. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Usipakande tena, hata kidogo. Usimvute, kumvuta kunamchuna ngozi. Simama upande anaogeukia. Kunja goti lake la upande wa mbali, weka mkono mmoja begani, mwingine nyongani, halafu mvingirishe kuja kwako. Rudi nyuma kwa miguu, kiuno usikitumie. Mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Mgeuze kila baada ya saa mbili, na kidonda kisilaliwe. Akishikwa na homa usingoje, mpeleke hospitali. Na kabla hujamgusa, mwambie unachotaka kufanya. Wote wanaogopa kuanguka, hawasemi tu.

Peke yako hutaweza. Hao kina mama wanaokusifu, waambie sifa zimetosha, waje washike zamu. Usione haya kuomba, Mama. Kutoa unajua, kupokea ndiko kunakokushinda.

Nimeomba likizo, wamenipa wiki tatu kuanzia tarehe mbili. Nitalala sebuleni, kitanda abaki nacho. Usimwambie nimemsamehe, nitakuwa nimekutuma uongo. Mwambie tu kwamba wiki hizo tatu nitamgeuza mimi, wewe ulale.

Binti yako