Daftari ya Neema

Siku ya pili ya juma, tarehe 4 mwezi wa sita

Nimefunga meza yangu ya vitenge saa tisa, mbio kwa masomo ya Kiingereza. Leo neno ni "prefer". Mwalimu anasema "choose" ni mambo ya mukono: unakamata kitu, unaenda nacho. "Prefer" ni mambo ya roho. Unaweza kukula sombe na roho iko kwa samaki ya Kasenyi. Tumecheka sana, mimi na Neema, benchi moja kama zamani.

Siku ya ine, tarehe 6

Nimesikia sokoni, kwa midomo ya watu. Marraine wa ndoa ya Neema, mama wa kumusimamia kanisani, ni Mama Grâce, yule wa Butembo wa duka la viatu. Aka! Amefika Bunia juzi juzi tu. Neema na mimi tulikimbia vita ya Djugu kwa miguu, jozi moja ya sapatu siye wawili.

Najua. Marraine lazima awe na ndoa ya kanisa, na mimi na bwana yangu Baba Merci, kanisa bado. Lakini Neema angekuja aniambie mwenyewe. Hata neno moja. Wivu unanikula, sifichi.

Siku ya pili, tarehe 11

Tumebadilishana madaftari, kila mutu asahihishe ya mwenzake. Neema amenipa yake mbio, mbele ya wote.

"Soma leo, Furaha. Usichelewe."

Nimetupa ndani ya sakoshi. Marraine wake amusahihishie.

Posho, siku ya sita, tarehe 15

Ndoa. Sikuenda. Nimetuma habari niko na malaria. Uongo mutupu.

Kitenge changu cha ndoa kimeshonwa, kimetundikwa kwa mulango. Klaksoni zimepita barabarani. Sasa Mama Grâce anamupangusa jasho, anamushikia maua. Mikono yake naichukia. Makemba imeungua kwa sufuria. Nimemugombeza Baba Merci juu ya pete.

Siku ya pili, tarehe 18

Mvua, hakuna masomo. Neema amehamia Kasenyi kwa bwana yake tangu juzi.

Nimekamata kalamu nyekundu, nimefungua daftari yake nitafute makosa. Sentensi ine za chakula. Ya tano:

"They chose Mama Grâce. I prefer Furaha."

Wao wamechagua Mama Grâce. Roho yangu iko kwa Furaha.

Nimesoma mara tatu. Kosa hakuna. Kitenge bado kiko kwa mulango.