Maji ya kuzima vumbi nawanywesha ng'ombe wa mkwe wangu

Mama Hanan,

Nakusalimu kwa heshima na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanilaani, maana jambo hili limenikaba na sina wa kumwambia, nikimwambia mke wangu nitakuwa nimemsema baba yake, na nikimwambia msimamizi wa kazi nitakuwa nimejimaliza mwenyewe.

Mimi ni Muorma wa huku Garsen, naendesha lori la maji katika kampuni inayosaga kokoto za barabara, na kazi yangu ni kuteka maji mtoni na kuyaleta kazini, yajaze tangi la mabomba madogo yanayonyunyizia mawe pale mdomoni mwa mashine, na yanayobaki nimwage kwenye malundo ya kokoto na kwenye njia ya malori ili vumbi lisipande, na hapo mdomoni mwa mashine ndipo anaposimama Komora, Mpokomo wa Kilelengwani, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hii wakati sina mbele wala nyuma, ukame umemaliza ng'ombe wote wa baba yangu.

Sasa, Mama, kwetu mwanamume asiye na ng'ombe ni kama mgeni hata akiwa kwao, na nilipomwoa Kadra baba yake Mzee Hirbo alikubali shingo upande, akawa ananiita "yule dereva" hata nikiwa nimeketi mbele yake, mpaka kiangazi hiki kilipobana na ng'ombe wake wakateremka kutafuta maji, wakakuta malka, ile njia ya tangu mababu ya mifugo kushukia mtoni, imezibwa na ua wa kampuni yetu. Nilikuwa natoka kuteka. Mzee akasimama katikati ya barabara, fimbo mabegani, akaniuliza, "Hii maji wewe napeleka wapi?" Nikamwambia ni ya kumwagia mawe. Akawageukia ng'ombe wake, wengine wameshalala chini hawainuki, akasema, "Mawe iko na kiu? Ng'ombe nakufa, wewe naosha mawe?"

Mama Hanan, kwetu mnyama mwenye kiu hanyimwi maji hata akiwa wa adui, ukimnyima jambo hilo litakufuata wewe na wanao, basi nikafungua bomba, wakachimba shimo haraka wakatandika turubai, ng'ombe wakanywa, na walipokwisha kunywa mzee akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua mbele ya watu wote, akaniita mwanangu. Nilidhani ni siku hiyo tu. Kesho yake nikawakuta palepale, na wengine wametoka mbali kwa kusikia habari, na mkwe hakataliwi, na mpaka leo sehemu kubwa ya maji inaishia kwenye lile shimo na mimi nafika kazini tangi linakaribia kuwa tupu, namwaga kidogo pale langoni anapopita msimamizi ili aone udongo umelowa, halafu mabomba ya mashine yanakauka, mawe yanasagwa makavu, vumbi jeupe linapanda mpaka humwoni mtu wa upande wa pili, na watu wanajifunga vitambaa puani kwa sababu barakoa hatupewi.

Na Komora anakohoa. Alianza kidogo kidogo, sasa hawezi kupanda ngazi ya mashine bila kusimama njiani kupumua, amekonda, suruali anaifunga kwa kamba, na mkewe Safiya ananiuliza mimi, mimi Mama, kama nimeona mwenzangu anapungua. Wamempima kifua kikuu hakionekani, wamempa dawa hapati nafuu, wakampima tena. Juzi nilimsindikiza hospitalini, daktari akamuuliza kama huko kazini kuna vumbi, naye akajibu, "Hapana daktari, mashine yetu inanyunyiziwa maji kutwa." Tulipotoka nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akacheka, akakohoa, akashika ukuta, kisha akaniambia, "Nikisema maji hakuna, si wataniuliza mleta maji ni nani? Una watoto, ndugu yangu. Kiangazi kitapita." Kumbe anajua! Amejua muda wote na hajanilaumu hata mara moja.

Wazee wa kazi wanasema maziwa husafisha kifua, kwa hiyo kila asubuhi nampelekea maziwa, nayo ni ya ng'ombe wa Mzee Hirbo, ananijazia kibuyu kwa shukrani ya maji, na Komora anayanywa ananishukuru na mimi naona aibu mpaka nashindwa kumtazama. Halafu majuzi nikiwa Tarasaa kununua spea nilisikia watu dukani wakisema, "Maji ya kampuni yanaenda kwa ng'ombe wa Waorma, wanaokohoa ni vijana wa Kipokomo." Wewe ni mtu wa Kipini, unajua maneno kama hayo huku kwetu hayaishii mdomoni, huishia kwenye mapanga.

Nikifunga bomba ng'ombe watakufa na nitarudi kuwa yule dereva, nikiliacha wazi naona ninamzika rafiki yangu kidogo kidogo. Nifanye nini, Mama? Niambie tu, hata kama ni maneno makali.

Dereva wa Maji, Garsen

*

Mama Hanan anajibu:

Dereva, nimekusoma mpaka mwisho na sikukulaani. Nilitaka kukuita mwanangu, lakini neno hilo limeshakuponza, basi tusemezane kama watu wazima.

Siku ya kwanza hukukosea. Ungempita ng'ombe aliyeanguka njiani na lori lako limejaa maji, ningekuwa wa kwanza kukusema. Lakini zile siku zilizofuata, usijifiche nyuma ya ng'ombe. Ulikuwa ukisimamisha lori ili usikie tena vile mzee alivyokuita. Sikucheki. Mtu aliyeona mifugo yote ya baba yake ikiishia mbugani ana kiu yake, na nimekuhurumia kweli nilipofika hapo. Ila kiu yako Komora anailipia kwa mapafu, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana umeandika.

Halafu haya maziwa. Jamani! Maziwa hushuka tumboni, vumbi limo kifuani, na huko hayafiki hata ukimpa mtungi. Nimemuuliza muuguzi mmoja ninayemwamini. Anasema lile vumbi jeupe mnaloliona si baya kama lile jembamba lisiloonekana, hilo ndilo linaloingia mpaka ndani, likatia mapafu makovu, na kovu la namna hiyo halina dawa ya kulifuta. Kinachoweza kufanyika ni kumtoa mtu kwenye vumbi mapema lisije likaongezeka, na daktari ajue anatibu nini. Kitambaa cha pua nacho hakizuii kitu. Mpelekee rafiki yako maziwa kwa sababu ni rafiki yako, lakini usiyaite dawa tena, unamchelewesha.

Kuna jambo zito umeliandika kisha ukalipita mbio. Malka imezibwa na ua wa kampuni. Njia ya mababu! Kwa hiyo Mzee Hirbo na wenzake walikuwa na haki ya kusimama mlangoni pa kampuni, mchana, pamoja na chifu na wakulima wa ng'ambo ya mto, waseme: mmetufungia mto, fungueni njia au tuleteeni maji ya mifugo. Badala yake mmeyachukua kwa mlango wa nyuma. Mmeiba kitu mlichokuwa na haki ya kukidai, na kampuni imestarehe, haijaulizwa njia wala barakoa wala lori la pili. Lawama yake ipo na ni kubwa, wala siipunguzi. Lakini kampuni haikuniandikia. Umeniandikia wewe.

Nenda kwa mkwe wako. Kama adabu yenu haikuruhusu kumkatalia uso kwa uso, tafuta mzee wa rika lake akusemee, ndiyo kazi ya wazee hiyo. Aambiwe kwamba yupo mtu anayeishiwa pumzi kwa sababu ya maji haya, na mtu huyo ana jina na mke. Aliyewaona ng'ombe wake wakilala bila kuinuka anajua kifo kinavyoanza, hatahitaji kuelezwa mara mbili. Na akikuita tena yule dereva, itika. Jina halimuui mtu.

Kazini, mwambie msimamizi ukweli wote kwa mdomo wako. Huenda ukafukuzwa, sikufichi. Lakini yale maneno uliyoyasikia Tarasaa yanatembea, na kosa likisemwa na mwenyewe hubaki kosa la mtu mmoja, likisemwa na mtaa hugeuka kosa la kabila zima. Ukilitanguliza wewe, umewaokoa hata watu usiowajua. Mkikubaliwa kuendelea, maji yaanzie mdomoni mwa mashine na pale kokoto inapoangukia, si langoni kwa kumfurahisha bosi. Mkanda unaobeba kokoto ufunikwe, malori yatoke na maturubai, watu wapewe barakoa za kazi ya vumbi, na siku maji hayapo mashine izimwe. Kokoto haiozi, itasagwa kesho.

Haya yote lakini yanakuja baadaye. Komora asisimame tena mbele ya ile mashine hata siku moja, na kesho asubuhi urudi naye hospitalini. Amemdanganya daktari ili wewe usikose mkate, na daktari wa watu ameamini, anahangaika kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo huku mwenzako anazidi kukonda. Hakuna mwingine anayeweza kulirekebisha hilo, si Safiya, si mzee, si mimi. Usimsubiri nje kwenye benchi. Ingia naye ndani, ukae karibu naye, na daktari akiuliza tena habari ya vumbi, Komora atakutupia jicho kisha ataanza kusema uongo uleule, kwa sababu anakupenda. Usimwache amalize.