Siku ya Kwanza ni Chai Tu

Al Amerat, Maskati

Bibi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Vipi magoti yako? Na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila upweke bado sijauzoea. Mama mdogo, ambaye huku namwita Khalati, hurudi kutoka ofisini Al Khuwair magharibi imeshaingia, na binamu zangu wakitaniana kwa Kiarabu, mimi hucheka baada yao.

Juzi abla, mwalimu wetu wa Kiingereza, alitutaka tumweleze mtu anayewasemea wengine. Nilimchagua kiongozi mmoja wa jumuiya ya Mayahudi huko Ulaya, niliyemsoma maktabani. Wazee wake walinusurika mauaji ya Mayahudi katika Vita Vikuu vya Pili, lakini ndugu zao waliuawa na nyumba zao zikachukuliwa. Naye amezeeka akigonga milango ya serikali ili walionyang'anywa warudishiwe haki yao, na kila mwaka wanaosubiri wanapungua.

Nilimaliza, nikarudi kukaa. Ruqaya, ninayekaa naye dawati moja na ambaye kwao pia husema Kiswahili, akaninong'oneza, "We Mzanzibari, umekosa mtu mwengine ila Myahudi?"

"Mzee aliyetolewa nyumbani kwake ni mzee, Ruqaya."

"Wallahi una moyo wewe!" Lakini wakati wa mapumziko alikaa mbali nami.

Kitu kimoja sikukisema darasani. Yule bwana akienda kwa mzee mara ya kwanza, hachukui karatasi. Hunywa chai tu. Mara ya pili huuliza, katika nyumba iliyochukuliwa, jikoni kulikuwa upande gani. Hapo wazee ambao hawajawahi kuwahadithia hata watoto wao huanza kusema.

Nikakukumbuka, Bibi. Kila tulipokwenda sokoni, tukiikaribia ile nyumba ya ghorofa yenye baraza ndefu, ulinishika mkono tukavuka upande wa pili. Nikidhani unaogopa mbwa. Nilipomuuliza Khalati kama iliwahi kuwa yetu kabla ya Mapinduzi, alisema, "Mwache bibi yako, usimtoneshe," akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Sijui kama nyumba hurudi. Ninachoogopa ni wewe kuondoka nayo moyoni, nami nisibaki na hata chumba kimoja cha kukumbuka.

Nisalimie mjomba fundi cherahani, na jirani anayekuletea mkate wa ajemi. Mdogo wangu mwambie alale kitandani kwangu, nimemruhusu.

Likizo nitakuja, inshallah. Siku ya kwanza tutakunywa chai tu.

Mjukuu wako akupendaye,
Nasra