Shimo Nililokataa Lifukiwe

Aline mujukuu wangu,

Huku mujini Ndosho tuko wazima. Goti la papa yako limepona, anakusalimia. Unauliza kwa nini shamba letu la Masisi halilimwi, na la jirani yetu Mama Furaha linazaa. Kwa kuwa unasoma mambo ya madini huko Lubumbashi, nikuambie.

Nilikuwa nimetoka tu kuolewa. Watu wa kutafuta madini walichimba shimo kwa Mama Furaha, na lingine kwangu. Hawakupata kitu. Ajenti wa serikali akawarudisha wafukie: udongo mwekundu chini, mweusi wenye rutuba juu. Mama Furaha akakubali. Mimi nikawafukuza wote na jembe. Nilifikiri wanaficha koltani yangu! Nikachimba mwenyewe misimu miwili, nikapata mawe tu, kisha mvua ikakokota shamba mpaka mutoni.

Jana Mama Furaha ametuma tena kikapu cha maharagi. Kila mwaka anatuma, na kila mwaka ninaambia watu hapa kwamba maharagi yake hayaivi.

Yanaiva vizuri, mutoto wangu. Ni wivu wangu ndio haujaisha.

Siku utakuwa ajenti, mama fulani akikufukuza na jembe, rudi kesho yake. Yule wangu hakurudi.

Koko yako